Mkanda wa kiti unaotembea wenyewe umeanza kulia: maswali yenu ya gari na majibu

SWALI: Habari fundi. Mimi niko Mbale, nina Subaru Legacy ya 1992 usukani uko kushoto, niliinunua kwa mmisionari mmoja Mmarekani alipokuwa anarudi kwao, gari ilishakaa Uganda miaka mingi kabla haijafika kwangu. Hii gari mkanda wa begani unatembea wenyewe kwa mota, ukifungua mlango unakimbilia mbele karibu na kioo, ukifunga mlango na kuwasha unarudi nyuma unakukumbatia. Sasa ule wa upande wa dereva umeanza kelele, mwanzo ulikuwa unakwaruza tu, siku hizi ukikaribia mwisho unapiga takatakataka mpaka mtoto ananiuliza baba gari inavunjika? Fundi wa jirani alitaka kunimiminia oili ya injini ndani ya reli nikamwambia subiri kwanza niulize. Naweza kutengeneza mwenyewe nyumbani? Nina spana, bisibisi na pampu ya baiskeli. Msomaji wa Mbale.

JIBU: Ndugu yangu wa Mbale, umefanya jambo zuri sana kumzuia huyo jirani na oili yake, nitaeleza kwa nini. Na ndiyo, sehemu kubwa ya kazi hii unaweza kuifanya nyumbani chini ya mti wa embe, sio kazi ya kuogopa, ila kuna mahali pamoja pa kusimama na nitakuonyesha wapi.

Kwanza wengine wanaosoma waelewe huu ni mkanda gani maana Uganda ni wachache waliouona, magari yetu karibu yote yanatoka Japani na huko mkanda unavuta kwa mkono. Huu ulikuwa wa soko la Marekani. Toyota Cressida ya 1981 ndo ilianza kuuza huko mkanda wa mota, halafu 1984 serikali yao ikapitisha sheria kwamba gari lazima limlinde mtu wa mbele bila yeye kufanya chochote, ikaanza kidogo kidogo na modeli za 1987 mpaka magari yote ya 1990. Kampuni zikawa na njia mbili, kuweka eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofura gari likigonga, ambayo wakati ule ilikuwa ghali, au kuweka mkanda unaojifunga wenyewe, ndo maana Legacy, Ford Escort na wengine wengi wa miaka ile wanayo hii reli juu ya mlango. Eabegi mbili za mbele zilipokuwa lazima kwa magari ya modeli ya 1998, reli hizi zikawa zimekwisha. Kwa hiyo gari yako ni ya kizazi kimoja kifupi tu, na spea zake ni za kizazi hicho.

Sasa ndani kuna nini. Chini ya nguzo ya kati, ile iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, nyuma ya ile plastiki, kuna mota ndogo yenye gia. Gia inasukuma utepe mrefu wa plastiki wenye meno au matundu, utepe unapita ndani ya reli kama zipu, na kwenye ncha yake umeshika kile kigari kidogo kinachobeba mkanda. Mbele na nyuma kuna swichi ndogo inayoiambia mota umefika, simama. Basi. Mota, gia, utepe, reli, swichi, na kelele yoyote inatoka kwenye mmoja wa hao watano.

Kabla hujashika spana tumia sikio. Mwambie mtu akae nje afungue na kufunga mlango, wewe weka sikio kwenye reli halafu chini kwenye nguzo. Ukisikia kukwaruza njia nzima, hiyo ni reli kavu yenye vumbi. Mota ikilia nyembamba na mkanda unajivuta pole pole, washa injini ujaribu tena, maana betri peke yake inakaa kama volti 12.6 na injini ikiwaka inapanda karibu 14, kama inachangamka basi angalia betri na vichwa vyake vya waya kabla ya kulaumu mota. Mota ikivuma na kigari hakiendi popote, utepe umekatika au umekwama. Na takatakataka ya mwishoni kama yako, hiyo ina sababu mbili tu kwa uzoefu wangu, aidha meno ya utepe yameisha yanaruka juu ya gia, au swichi ya nyuma haijasema simama kwa hiyo kigari kimefika ukutani lakini mota bado inasukuma, na ikisukuma hivo kila siku inakula meno, kwa hiyo sababu ya pili inazaa ya kwanza. Usiiache.

Mimi niliwahi kufungua moja kama yako, gari lilikuwa limetembea sana barabara za marram huko kaskazini. Nilipotoa plastiki ya nguzo grisi ya kiwandani ilikuwa imegeuka kitu kama kalo, ule ugali wa ulezi, nzito, nyekundu, na nilipoisugua katikati ya vidole nilisikia mchanga. Ule mchanga ndo ulikuwa unasaga meno. Halafu kwenye kona ya reli pale inapoanza kushuka kwenye nguzo kulikuwa na ganda la njugu limebanwa, kigari kilikuwa kinalipanda na kulishuka kila siku, tak, tak. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa anunue mota mpya. Nilitoa ganda kwa kibanio cha nyusi na nusu ya kelele ikaisha palepale.

Hapo ndo utaona kwa nini oili ya injini haifai. Oili inakamata vumbi, vumbi na oili vinakuwa msasa wa maji, na kibaya zaidi inatiririka mpaka kwenye mkanda wenyewe. Kitambaa cha mkanda ni nyuzi za polista, uchafu wa oili na dawa kali kama petroli, thina au jiki vinaudhoofisha na hutaona kwa macho. Usimruhusu mtu yeyote akuletee oili, dizeli wala grisi ya beringi karibu na mkanda. Hata ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati iliyoshika kutu, hapana, inaosha grisi nzuri halafu inakauka inakuacha pakavu kuliko mwanzo.

Fanya hivi. Funga mlango kigari kianze kutembea na kikifika katikati ya reli zima swichi ya ufunguo au mwambie mwenzio achomoe waya wa hasi wa betri, ili kigari kibaki katikati upate nafasi pande zote mbili. Waya wa hasi uchomolewe kwa vyovyote kabla ya kufungua plastiki, maana modeli nyingine za miaka ile zilikuja na eabegi ya dereva, na ukiona plagi au waya wa rangi ya njano popote usiuguse. Halafu pampu yako ya baiskeli kweli itasaidia, puliza reli kutoka mbele kwenda nyuma, fuata na mswaki mkavu, halafu chukua kijiti bapa ukizungushie kitambaa safi usukume ndani ya mdomo wa reli njia nzima, badilisha kitambaa mpaka kitoke hakina wekundu. Kazi hii inachosha mkono, itachukua saa nzima, usiikimbize, ndo kazi yenyewe.

Kulainisha tumia silikoni ya kupuliza, na usipulize kwenye reli, puliza kwenye kitambaa halafu pitisha kitambaa. Kidogo tu. Mkanda ufunike na mfuko wa plastiki wakati huo.

Ukishafika hapo rudisha waya wa betri ujaribu. Wengi kelele inaishia hapa na hawahitaji kufungua nguzo. Wewe na takatakataka yako nadhani utafungua. Plastiki ya chini ya nguzo imeshikwa na skurubu na vile vibanio vya plastiki vinavyovunjika vikiwa vimezeeka, kwa hiyo gari likae juani kidogo vilainike halafu vuta kwa mkono karibu na kibanio, sio kwa bisibisi katikati. Chomoa plagi ya mota, fungua bolti zake, na kabla hujaitoa piga picha na simu uone utepe umekaaje kwenye gia. Toa grisi yote ya zamani kwa kitambaa. Angalia meno ya utepe mmoja mmoja kwenye mwanga, yakiwa yamejaa na pembe zake ziko wima, una bahati, paka grisi nyeupe ya lithiamu nyembamba kama unapaka siagi mkate wa mgonjwa, rudisha. Swichi ya nyuma ibonyeze kwa kidole, inatakiwa ilie tik na irudi, ikiwa imelala na vumbi isafishe, mara nyingi inaamka.

Meno yakiwa yameisha usigundishe na gundi wala kuyeyusha plastiki. Najua pale Katwe, Kampala, kuna vijana wanaweza kutengeneza karibu chochote na mimi nawaheshimu sana, lakini kitu hiki hapana. Kwenye soko la spea la Kisekka, Kampala, utapata karibu kila kitu cha Legacy ya Japani ila reli hii haikuwepo kwenye gari za Japani, itabidi mtu aliyeko Marekani akutafutie iliyotumika, na iwe ya upande wako na mwaka wa karibu.

Wakati unasubiri kuna njia ambayo wenye magari haya wengi wanaitumia na mimi naikubali. Peleka kigari mpaka nyuma kabisa kilipojifunga kwenye nguzo, kishike kivute kwa nguvu mbele na chini, kisisogee hata kidogo, halafu chomoa plagi ya mota ukiwa umekiacha hapo. Kigari kina kifungo chake cha dharura pale juu, mkanda unatoka na kuingia. Basi utakuwa unafunga pale kwa mkono kila ukiingia kama gari nyingine. Kama kigari hakijifungi kabisa nyuma, kiti hicho mtu asikikalie mpaka kitengenezwe, hapo sina maneno mengine.

Na sasa jambo ambalo hukuuliza. Ule mkanda wa mota unashika bega tu. Wa tumboni uko peke yake na unaufunga mwenyewe. Watu walikuwa wanaona bega limeshikwa wanadhani wamefunga, kumbe gari likigonga mwili unateleza chini, kiuno kinapita, mkanda wa bega unabaki shingoni. Ndugu yangu, funga wa tumboni kila siku, na huyo mtoto anayekuuliza maswali mkalishe nyuma na afungwe.

SWALI: Asalam aleikum fundi. Niko Bombo. Nilitoa mkanda wa dereva kwenye Premio yangu kwa sababu ulikuwa unarudi pole pole kama mzee anapanda mlima, nikauweka juu ya meza nioshe, sasa hautoki hata inchi moja, umejifunga kabisa. Nimeuharibu? Nitafute mwingine?

JIBU: Waleikum salaam. Hujaharibu kitu, usitoe hata shilingi. Ndani ya kile kikunjio kinachokunja mkanda kuna kigololi cha chuma kimekaa kwenye kikombe, gari likifunga breki kali au likilala upande kigololi kinasogea kinanyanyua kijino na mkanda unajifunga. Viwango vya kimataifa vinataka usijifunge ukiinama nyuzi 12 au chini ya hapo, na ujifunge ukizidi 27. Wewe umeulaza mezani, yaani kwa akili ya kigololi gari limepinduka. Ushike wima vilevile ulivyokuwa kwenye nguzo, uuinamishe taratibu huku na huku mpaka upate pahali pake, halafu vuta pole pole, utatoka. Nimeona watu wametupa mikanda mizima kwa sababu hii, inaniuma sana.

Kurudi pole pole mara nyingi sio springi. Angalia ile pete ya juu begani ambapo mkanda unapita, utakuta mstari mweusi wa jasho na vumbi umeganda, sugua na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni. Mkanda wenyewe uvute wote nje, ubane na kibanio cha nguo usirudi, osha kwa sabuni ya kawaida, suuza, uache ukauke kabisa kivulini kabla ya kuuachia maana ukirudi na maji ndani unaota ukungu. Ukirudisha bolti, kwenye Toyota ni spana namba 14, anza kwa vidole kwanza ili isipande mkingamo, halafu kaza mpaka niutoni mita 42 kama una spana ya kupimia, huna basi peleka gereji yenye nayo wakaze hiyo bolti moja. Na kile kikunjio usikifungue kifuniko. Springi iliyo ndani imejikunja kwa nguvu, ikiruka hairudi, na mkanda uliofungwa upya mezani hakuna anayeweza kuusemea siku ya ajali.

SWALI: Fundi, mume wangu amenunua Harrier na mimi ndo naiendesha Mukono mpaka mjini kila siku. Juzi taksi ilinikatia mbele nikakanyaga breki kwa nguvu, mkanda ukalia vuuu ukanibana kifua wenyewe halafu ukaachia. Niliogopa sana. Kuna kitu kimevunjika?

JIBU: Pole dada, na hongera kwa breki. Hakuna kilichovunjika. Harrier ya 2003 Toyota waliiuza na mfumo wa kuhisi ajali kabla haijatokea, rada iko mbele, na mikanda ya mbele ina mota ya umeme inayokukaza kitini mapema, Mercedes nao S-Class yao ilikuwa na kitu kama hicho mwishoni mwa 2002. Sio Harrier zote zinacho, yako inaonekana inacho. Ile vuuu ni mota na gia zake, ikiisha hatari inaachia, inaweza kufanya hivo mara nyingi na haichakai kwa mara moja.

Ila sauti ikibadilika ikawa ya kusaga, au taa ya eabegi ikawaka dashibodi na haizimi, hapo usimruhusu fundi wa nyumbani aguse. Kwenye kikunjio hichohicho kuna baruti ndogo inayovuta mkanda kwa ghafla gari likigonga, na hiyo inalipuka mara moja tu. Anayeifungua achomoe betri asubiri zaidi ya sekunde 90 kama Toyota wanavyoagiza, na asiweke taa ya kupimia wala mita kwenye plagi ya njano, umeme wa mita unaweza kutosha kuilipua mkononi mwake. Mwambie hivyo kabla hajaanza, ukiona anacheka chukua funguo zako uondoke. Na mkikosa mpya mkaenda kununua uliotumika, vuta mkanda mbele ya muuzaji ukiwa wima, ukiwa umekwama nusu haurudi wala hautoki, huenda umeshalipuka kwenye ajali ya mtu mwingine, mwachie.

SWALI: Mimi ni mwalimu, niko Arua. Gari langu kwenye lami liko kimya, nikiingia barabara ya vumbi kuna kitu kinapiga chachacha nyuma ya sikio langu. Nimekaza milango, nimekaza siti, bado.

JIBU: Mwalimu, mpe mtu gari aendeshe yeye, wewe kaa pembeni ya sauti na ushike ule ulimi wa chuma wa mkanda usiguse plastiki. Kelele ikiisha, ulimi ulikuwa unagonga nguzo, bandika kipande cha kitambaa cha gundi pale unapogonga. Haijaisha, bonyeza pete ya juu, ikicheza kaza. Bado, basi huenda ni kile kigololi nilichomweleza ndugu wa Bombo, kinaruka kwenye kikombe chake barabara ikiwa mbaya, ni kawaida na hakina madhara. Unaweza kufungua plastiki ya nguzo na kuweka sponji nyuma ya plastiki inyonye sauti. Lakini sponji isiguse kikunjio na usijaze chochote kwenye kile kisanduku cha kigololi, kuna mtu alifanya hivyo akafurahi gari limekuwa kimya, nilipomwambia avute mkanda kwa ghafla ukatoka wote mpaka mwisho kama kamba ya ng'ombe. Ukimaliza kazi yako na wewe vuta hivyo hivyo kwa ghafla, mara tatu, halafu tafuta barabara tupu ukiwa na kilomita kama 20 kwa saa ukanyage breki huku umeuegemea mkanda. Lazima ukushike. Usipokushika niandikie kabla hujaenda safari.